Tangi Lililokosa Pumzi

Miaka 31 nalikaa mezani nikiandika hesabu za watu wengine, na katika miaka hiyo yote nalijivunia jambo moja, kwamba kitu nilichokiandika kwa mkono wangu sikukipotosha. Nilipostaafu mwaka 2016 nilirudi kwetu, kijiji cha wavuvi katika pwani ya Kwale, kusini ya Mombasa. Jina la kijiji sitalitaja, kwa kuwa yuko mtu hapo ambaye nimekwisha kumwaibisha mbele za watu mara moja, nayo yatosha.

Sehemu ya fedha yangu ya kustaafu niliinunulia mashua ndogo ya mbao, urefu wake futi 21, pamoja na injini ya kupachika nyuma yenye nguvu za farasi 15. Vyote viwili vilikuwa vimekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Wasomaji walio wakulima watanielewa nikisema kwamba mashua ni kama ng'ombe wa maziwa: fedha ya kumnunua ndiyo iliyo ndogo kuliko gharama zote. Mimi si mvuvi wa kusifiwa. Mvuvi hasa ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 22 wakati ule, aliyeijua bahari tangu utoto. Kazi yangu mimi ilikuwa kushika usukani, kununua mafuta na barafu, na kuandika daftari. Kila safari niliandika tulitoka saa ngapi, petroli lita ngapi, samaki ratili ngapi, na injini ilikwendaje. Vijana walinicheka, wakaniita Bwana Karani wa Bahari.

Sina budi kueleza kidogo jinsi mtambo wenyewe ulivyo, maana bila hayo habari hii haitafahamika. Injini yetu haikuwa na tangi juu yake. Petroli ilikaa katika tangi la bati la lita 25, lililowekwa chini karibu na tezi, ndiyo nyuma ya mashua, na kutoka hapo ilipita katika mpira mwembamba mpaka kwenye injini. Katikati ya mpira huo pana kipira chenye umbo la yai. Kabla ya kuvuta kamba ya kuwashia, mtu hukiminya mara kadhaa kwa mkono ili petroli ifike. Injini ikiisha kuwaka, pampu ndogo iliyomo ndani yake huivuta yenyewe. Juu ya kifuniko cha tangi pana skurubu ndogo ya hewa. Mtu akitaka kusafiri huilegeza, na akiisha kurudi nyumbani huikaza. Yule aliyeniuzia alinionya habari ya skurubu hiyo mara tatu, nami sikuisahau hata siku moja.

Masika ya mwaka 2019 tuliipandisha mashua nchi kavu, kama ilivyo desturi wakati wa mvua na kusi kali. Nikaona tangi limeanza kushika kutu, maana chumvi haina urafiki na bati. Basi nikanunua dukani msasa na mkebe wa rangi nyekundu, nikalisugua tangi lote na kulipaka rangi mara mbili, na kifuniko pia, ili vifanane. Likang'aa kama jipya. Watu waliopita walilisifu.

Mwezi wa Agosti, bahari ilipoanza kutulia, tukaishusha mashua. Siku ya kwanza tu injini ilizimika. Haikuzimika kwa kishindo kama iliyovunjika kitu, bali ilianza kudhoofika, sauti ikashuka kama mtu aliaye kwa kwikwi, kisha kimya. Tukavuta kamba mara nyingi. Mpwa wangu akafungua kifuniko kutazama kama petroli imo, akaona imo tele. Tukavuta tena, ikawaka, tukaendelea. Baada ya dakika chache ikazimika tena.

Haya ndiyo niliyoyaandika usiku ule, nayo ninayo mpaka leo: "Agosti 27. Tangi tele. Ilizimika baada ya dakika 6. Mtoto akatazama mafuta, yamo. Ikawaka. Ilizimika baada ya dakika 8. Mtoto akatazama mafuta. Ikawaka. Wakati wa kurudi, tangi chini ya robo, haikuzimika."

Msomaji hodari pengine amekwisha kuona jambo katika maneno hayo. Mimi niliyeyaandika sikuliona kwa muda wa majuma saba.

Nilimwita fundi. Akabadili plagi mbili, nikalipa Sh. 900. Hali ikawa ile ile. Akasafisha kabureta, Sh. 1,000. Fundi wa pili akasema ni koili, kwa kuwa koili ikipata moto hukata umeme na ikipoa hurudi, Sh. 6,500. Siku moja nikaona kile kipira cha mkono kimenywea, kimekuwa bapa kama kumbi la nazi lililokanyagwa, nikasema kimeoza, nikanunua kingine kwa Sh. 1,800. Nacho kikanywea. Jumla ni Sh. 10,200, na mafundi wale sikuwalaumu, wala siwalaumu sasa. Kila mara walipoijaribu injini katika pipa la maji karakanani, wakitumia kidumu chao wenyewe cha petroli, iliunguruma saa nzima bila kosa. Sisi tuliwapelekea injini, tukaliacha tangi nyumbani. Ni sawa na mtu kumpeleka mkewe hospitali kwa ugonjwa alio nao yeye.

Hapo ndipo nilipolifungua daftari langu kutafuta ushahidi, nami nikaupata. Kila safari injini ilizimika tulipokuwa tukienda, tangi likiwa limejazwa asubuhi ile. Kadiri petroli ilivyopungua ndivyo ilivyokwenda vizuri. Tangi likifika nusu, ilikwenda karibu dakika 30 kabla ya kufa. Likifika robo, haikufa kabisa. Nikajiuliza: ni kitu gani kilichomo ndani ya tangi asubuhi, ambacho jioni hakimo? Jawabu likaja upesi, nami nikalipenda: petroli mpya. Mradi tumenunua petroli, taabu huanza. Petroli ikikaribia kwisha, taabu huisha. Basi petroli ile ina kasoro, na aliyeniuzia ndiye mwenye kosa.

Katika kijiji chetu palikuwa na duka moja tu liuzalo petroli, na mwenye duka ni mtu wa rika langu, tuliyesoma naye chuoni tukiwa watoto. Katika siku hizo maneno ya petroli kuchanganywa na mafuta ya taa yalikuwa midomoni mwa watu wote. Mwaka uliotangulia, yaani 2018, Serikali ilikuwa imetoza ushuru wa Sh. 18 juu ya kila lita ya mafuta ya taa, ili bei yake isiwe chini sana ya bei ya petroli na dizeli, na wachanganyaji wakose faida. Kwa hiyo shaka yangu haikuwa ya ajabu. Nikataka kuithibitisha. Nalisikia kwamba mtu akitia tone la petroli safi juu ya karatasi nyeupe, litakauka lisiache alama, lakini likiwa na mafuta ya taa litaacha doa. Nikachota katika tangi letu, nikatia tone juu ya karatasi, nikalianika. Doa likabaki, la mviringo, kubwa kama shilingi.

Nikaikunja karatasi ile nikaitia mfukoni, na siku ya Ijumaa, baada ya sala, watu walipokuwa wameketi barazani mbele ya duka, nikaitoa. Sikupiga kelele. Karani hapigi kelele. Niliwaonyesha doa, nikawasomea daftari tarehe kwa tarehe, nikamwuliza yule bwana mbele yao kama ana la kujibu. Akasema, "Bwana Karani, petroli hii ndiyo ninunuayo, na ndiyo niuzayo. Sikutia kitu." Hakuongeza neno. Watu walitazama daftari, wakatazama karatasi, wakamtazama yeye. Kutoka siku ile wenye mashua wanne wakaacha kununua kwake, wakawa wanatuma madumu kwa pikipiki mpaka Ukunda.

Nami pia nikatuma Ukunda. Siku ya Oktoba 15 tukajaza tangi mpaka shingoni kwa petroli iliyotoka katika kituo kikubwa kilicho kando ya barabara kuu, tukatoka alfajiri, watu watatu, maji yakiwa yanakupwa. Baada ya dakika 6 injini ikazimika.

Mtu mwenye akili angerudi. Mimi nilikuwa na barafu ya Sh. 600 sandukuni, na ndani ya moyo nilikuwa nimekwisha kuanza kusema kwamba hata hao wa Ukunda wanachanganya. Mpwa wangu akafungua kifuniko, akatazama, injini ikawaka, tukashika njia ya mlangoni.

Wasiokaa pwani wajue kwamba mbele ya kijiji chetu umesimama mwamba mrefu uendao sambamba na nchi, na ndani yake maji ni matulivu. Ili kufika bahari kuu, kwenye mkondo wa Pemba, hapana budi kupita katika mlango wa mwamba, na maji yakikupwa hutoka kwa nguvu katika mlango huo, yakakutana na mawimbi yajayo kutoka nje. Katikati ya mlango injini ikazimika mara ya pili. Nikatazama saa yangu kwa mazoea: dakika 8. Mashua ikageuka ubavu. Yule kijana mwingine akatupa nanga, nayo ikaburura juu ya mchanga bila kushika. Mpwa wangu alikuwa ameshika kasia moja, na upande wa kushoto niliona maji yakifunguka na kufunika mwamba mweusi, hatua kama 40 kutoka kwetu, kisha hatua 30. Mimi sijui kuogelea vizuri. Nalivuta kamba ile mpaka ngozi ya vidole ikachunika, injini haikutoa hata kikohozi.

Ndipo mpwa wangu akatupa kasia ndani ya mashua, akarukia tangi akakizungusha kifuniko. Safari hii, kwa kuwa injini ilikuwa kimya, sote watatu tulisikia. Tangi lilivuta pumzi. Ulikuwa mvumo mrefu wa hewa ikiingia ndani, kisha bati likalia, dum, kama debe tupu likanyagwapo. Akaminya kipira mara mbili, akanisukuma, akavuta kamba yeye. Injini ikawaka kwa mvuto mmoja. Tulipogeuza omo, mwamba ulikuwa karibu hata ningaliweza kuugusa kwa pondo.

Tulipofika maji matulivu akaniambia, "Mjomba, umesikia tangi lilivyolia?" Nikamjibu kwa ukali kwamba sitaki kusikia habari za tangi. Nalikuwa ninatetemeka, na mtu akitetemeka mbele ya vijana husema maneno ya namna hiyo.

Usiku nikalifungua daftari. Safari hii sikusoma tarehe wala lita; nilisoma yale maneno niliyokuwa nikiyaandika bila kuyafikiri. Injini ilikuwa imezimika mara 24 tangu Agosti. Mara 23 niliandika "mtoto akatazama mafuta" kabla ya kuandika "ikawaka." Mara moja tu ilikuwa imewaka bila kutazamwa, nayo ni siku tulipokaa kimya zaidi ya nusu saa tukingoja. Mtoto yule alikuwa akiiponya injini kila siku mbele ya macho yangu, nami nilikuwa nikiandika kwamba anatazama mafuta.

Siku tatu zilizofuata tulisafiri kifuniko kikiwa kimelegezwa, na injini haikuzimika hata mara moja. Tukafurahi, tukaona kazi imekwisha. Siku ya nne wimbi dogo likaingia juu ya tezi, maji ya chumvi yakapenya chini ya kifuniko. Maji ni mazito kuliko petroli, huzama chini ya tangi, na mdomo wa bomba la kuvutia uko huko huko chini; basi injini ilikunywa maji kwanza kabla ya kuona petroli. Tukarudi kwa makasia, saa mbili na nusu. Palikuwa na mzee ufuoni, nahodha wa majahazi zamani, nikamwamkia, naye akiisha kusikia habari yote akasema, "Sasa mmejua mlango uliofungwa ni upi, nanyi mmebomoa ukuta. Nendeni mkautafute ufunguo."

Maneno yake yaliniingia. Tulikausha tangi, tukatia petroli safi mpaka juu, tukatia nanga katika maji ya kimo cha kiuno, karibu na mikoko, mahali ambapo hata injini ikifa hakuna hasara. Tukakaza kifuniko, skurubu ya hewa ikiwa imelegezwa kama kawaida, injini ikiwa inakwenda. Nikakishika kile kipira mkononi. Kwa dakika tatu kilikuwa kinene na kigumu. Kisha nikakisikia kinanywea polepole ndani ya kiganja changu, kama kitu kinachonyonywa. Injini ikaanza kwikwi. Nikakilegeza kifuniko kidogo tu. Hewa ikaingia kwa mvumo ule ule, kipira kikajaa tena, injini ikapanda sauti. Tukarudia mara tatu, na mara zote tatu ikawa vile vile. Jambo hili la kipira ningependa kila mwenye injini alishike: kikinywea na kuwa bapa wakati injini inakwenda, kizuizi kiko upande wa tangi, ama hewa haiingii tangini, ama bomba la ndani, chujio lake au mpira wa upande ule umeziba. Ukilegeza kifuniko na taabu ikaisha, ni hewa. Ikiwa haikuisha, tafuta katika bomba na mpira. Majaribio hayo hayagharimu hata senti moja.

Nikakichukua kifuniko nyumbani, nikakitia mdomoni nikapuliza, skurubu ikiwa wazi kabisa. Hewa haikupita. Nikaitoa skurubu yote. Chini yake mlikuwamo kitundu chembamba ambacho uzi wa mshipi ungepita kwa shida, nacho kilikuwa kimejaa kitu chekundu. Nikakichokoa kwa sindano ya mke wangu. Kikatoka kipande cha rangi kilichokauka, kidogo kuliko punje ya mtama.

Wasomaji wetu wa bara wanaweza kulifahamu jambo hili bila kuona bahari. Toboa tundu moja dogo katika dafu, uligeuze juu ya gilasi: maji yatadondoka kidogo, kisha yatasita, mpaka hewa ipate njia ya kuingia. Ndiyo sababu wauza duka hutoboa debe la mafuta ya kupikia matundu mawili, moja la kumimina na moja la hewa. Tangi la petroli ni debe lile lile. Injini ikinywa kikombe cha petroli, kikombe cha hewa hakina budi kuingia mahali pake. Kisipoingia, ile hewa iliyobaki ndani hutanuka na kuwa dhaifu, na pampu ndogo ya injini hushindwa kuivuta petroli dhidi yake. Na hapa ndipo daftari langu lilipokuwa likisema kweli wakati wote, nami nikalisingizia. Tangi lililojaa lina hewa kidogo tu juu yake, pengine lita moja na nusu. Injini ikinywa thuluthi ya lita, hewa ile imekwisha kutanuka kupita kiasi, na kwa injini kama yetu hizo ni dakika chache. Tangi lililofika nusu lina lita 12 na zaidi za hewa, kwa hiyo injini yaweza kunywa lita mbili au tatu kabla ya kukwama. Robo, nayo hufika nyumbani. Haikuwa petroli mpya iliyoizima, bali wingi wake. Ingalikuwa ni ubaya wa petroli, ningalijaza nusu tangi tu ya petroli ile ile mpya, nikaona tofauti siku ya kwanza. Jaribio hilo halikunijia akilini, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kumpata mkosaji.

Tangu wakati ule watu huniletea matatizo ya matangi, ijapokuwa mimi si fundi. Mashua kubwa za faiba zina tangi lililofungwa chini ya sakafu, na mpira wa hewa hutoka tangini mpaka kwenye kitundu kilicho ubavuni mwa mashua. Taabu ya hizo huonekana kwanza wakati wa kujaza, petroli ikirudi juu na kumrukia mjazaji usoni, maana hewa ya ndani haina mahali pa kutokea. Mashua ya jirani yangu mmoja ilikuwa hivyo. Tuliufuata mpira wa hewa kwa mikono, tukaukuta umelegea katikati kama kitanda cha kamba kilichobonyea, na petroli imetulia katika ule mbonyeo, ikawa kizibo. Tukauinua na kuufunga ushuke moja kwa moja kuelekea tangini. Mashua ya pili ilikuwa na nyigu waliojenga kwa udongo ndani ya kitundu cha ubavuni, mashua ilipokuwa juu wakati wa mvua. Kile kiwavu chembamba cha shaba kilichowekwa kitunduni kilikuwa kimeng'olewa, na kazi yake ni kuwazuia wadudu na pia kuzuia mwako usiingie ndani. Kirudishwe, nacho kisipakwe rangi.

Jua nalo lina visa vyake. Tangi lililokazwa skurubu likianikwa mchana kutwa huvimba, na mtu akiliunganisha na injini kabla ya kulilegeza, petroli husukumwa kwa nguvu mpaka injini inalowa na kukataa kuwaka. Lifunguliwe polepole kwanza, mbali na sigara na jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauruki kwenda zake, bali hushuka na kulala katika ngama, chini kabisa ya mashua yanapokusanyika maji, ukingoja cheche. Kwa sababu hiyo tundu la tangi la ndani hutolewa nje ya mashua, na kwa sababu hiyo pia wale wanaotoboa tundu jipya juu ya tangi kwa msumari, ili wasisumbuke na skurubu, wanajiwekea moto miguuni.

Imebaki habari ya karatasi. Injini kama yetu huchanganyiwa oili ndani ya petroli, sehemu moja kwa 50, yaani nusu lita ya oili kwa tangi la lita 25. Oili hiyo naliitia mimi mwenyewe kila asubuhi. Tone nililolitia juu ya karatasi nililichota katika tangi, sikulichota katika dumu la dukani. Doa lile nililowaonyesha watu lilikuwa la oili yangu. Jambo hili nililifahamu nikiwa nimeshika sindano mkononi, na kwa muda nilitamani kifuniko kile kingalianguka baharini.

Nikangoja Ijumaa, kwa sababu nilimshtaki siku ya Ijumaa. Watu walikuwa barazani kama siku ile, baadhi yao walewale. Nikatoa salamu. Nikaweka juu ya meza ya duka kifuniko, kile kipande cha rangi ndani ya karatasi, na daftari, nikaeleza toka mwanzo mpaka mwisho, na habari ya oili sikuiacha. Nikasema kwamba petroli yake ilikuwa safi na kwamba nimemsingizia mbele ya watu, nami ninamwomba radhi mbele ya watu. Hakuna aliyesema neno. Nikawataja wale wanne kwa majina, nikawaomba warudi kununua kwake. Wawili walirudi juma lile. Wa tatu alirudi baada ya mwezi. Wa nne mpaka leo hutuma Ukunda, na nikimwuliza husema amezoea.

Mwenye duka alikichukua kifuniko, akakielekeza kwenye jua, akafumba jicho moja akachungulia katika kitundu. Akapuliza. Kisha akakichukua kile kipande chekundu kwa kucha, akakitazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua.

"Bwana Karani," akasema, "rangi hii nayo ulinunua kwangu."

Akageuka akaanza kunipimia petroli, lita 20.

"Na hii je," akaniuliza bila kugeuka, "tuiandike katika daftari lako au langu?"

Nikamwambia aandike katika lake.